Karanga za Nachingwea na Virusi Visivyo na Vazi

Wapo wanaoshikilia kuwa habari za protini na jeni za virusi ni elimu ya vyuo vikuu, na kwamba kijana wa sekondari wa Nachingwea au Ruangwa yatosha aambiwe kupanda mbegu bora. Rai hiyo haina budi kupingwa. Ugonjwa mmoja wa shambani, yaani rozeti, au ukoma wa karanga, watosha kuonyesha kasoro yake.

Ugonjwa huu, ambao hudumaza mche na kuyafanya majani yasongamane, ulielezwa kwa mara ya kwanza katika nchi hii mwaka 1907. Miaka 40 baadaye Waingereza walifyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Sababu za anguko hilo zilikuwa nyingi, lakini funzo lake ni moja: matrekta yalitangulia, uchunguzi ukafuata.

Kwa kawaida kirusi ni jeni zilizovikwa protini. Virusi vya mimea vya kundi la rabdo ni mfano wa msafiri aliyejitosheleza. Uzi wao wa RNA una maagizo ya protini tano za msingi: moja huufunika uzi, mbili husaidia kuunakili, ya nne hushikamanisha umbo, na ya tano huchomoza juu ya utando wa nje.

Rozeti haiko hivyo. Ni kazi ya washirika watatu. Wa kwanza, kirusi cha rozeti chenyewe, ana RNA ya nukleotidi zipatazo 4,000, lakini hana hata jeni moja ya vazi. Wa pili ni setilaiti, kipande cha RNA cha nukleotidi zipatazo 900, nacho ndicho hasa kiletacho dalili. Wa tatu ni kirusi msaidizi, mwenye vazi la protini, ambaye akiwa peke yake haleti dalili za rozeti. Vidukari hawawezi kumchukua wa kwanza mpaka avikwe vazi la msaidizi, na uvikaji huo haufanyiki bila setilaiti. Mche uliopata wawili wa kwanza bila msaidizi huugua, lakini vidukari hawawezi kuutoa ugonjwa humo na kuupeleka kwingine.

Je, elimu hii yamfaa nini mkulima? Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa aina kadhaa za karanga, na mojawapo, ya mwaka 2009, ilipewa jina la Nachingwea. Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, aghalabu ustahimilivu wa karanga dhidi ya rozeti humzuia kirusi wa kwanza na setilaiti yake, wala haumzuii msaidizi. Kwa hiyo mche uliostawi si lazima uwe safi. Huenda umemhifadhi mwenye vazi. Asiyelijua hilo hudhani kuwa akishapata mbegu amemaliza kazi, akachelewa kupanda, akaacha nafasi pana, na maotea ya msimu uliopita yakabaki shambani yakiwalea vidukari.

Yafaa basi kila shule ya sekondari ya wilaya hizi mbili iwe na matuta mawili ya karanga: moja lipandwe kwa mvua za kwanza na kwa kubananisha, la pili lipandwe kwa kuchelewa na kwa nafasi pana. Wanafunzi wahesabu miche iliyougua kila juma, kisha mwalimu achore ubaoni washirika watatu na kuwauliza ni kiungo gani kimekatwa. Gharama yake ni jembe na daftari. Somo la virusi likifundishwa hivyo, litavuka ukuta wa darasa na kuwafikia wazazi wanaolima, na uchunguzi utatangulia jembe, kama ulivyopaswa kuyatangulia matrekta.