Tamko Kuhusu Kuuza Huduma za Teknolojia kwa Serikali na Vyombo vya Ulinzi

Sisi, chama cha mafundi na watoa huduma za teknolojia wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, tunatoa tamko hili kwa wanachama wetu, kwa ofisi za umma na kwa wananchi.

Kazi ya Serikali tunaitaka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini kazi ya kufunga mtandao katika zahanati za mwambao ikiunganishwa na ya wilaya nzima kuwa zabuni moja, fundi wa Liuli, huko mwambaoni, ameshatolewa kabla hajafungua kompyuta. Kampuni kutoka mbali hushinda, hufunga vifaa na kuondoka. Radi ya masika ikiunguza vifaa hivyo, anayeitwa ni yule yule fundi wa Liuli, tena bila mkataba. Tunaziomba halmashauri zigawe zabuni hizo kwa loti, na matengenezo pamoja na siku ya malipo viandikwe ndani ya mkataba tangu mwanzo.

Jeshi na Polisi nao ni wateja wetu halali. Tunaishi mpakani, Malawi ng'ambo ya maji na Msumbiji kusini, na boti ya doria yenye redio nzima ni usalama wa mvuvi pia. Mwanachama atengeneze redio, afunge umeme wa jua, afundishe askari kompyuta, na ya kambini ayaache kambini.

Taarifa za wateja wengine hatuuzi. Fundi anayehudumia kompyuta ya chama cha msingi cha kahawa huona majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu yeye pia. Anayehitaji taarifa hizo, awe na cheo gani, alete amri halali kwa maandishi. Kwa mdomo au kwa ahadi ya zabuni, hapana.

Mwanachama atakayetoa taarifa za mteja kinyume cha hapo atafutwa uanachama. Mwananchi mwenye malalamiko dhidi ya fundi wetu ayalete kwa viongozi wa chama.