Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Itaka tunamtaka tabibu anayetujua

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais – TAMISEMI,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: WAGONJWA WA PRESHA NA SUKARI, NA TABIBU ANAYEKAA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kutoka Itaka, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Nimekuandikia wewe badala ya mwenzako wa Afya kwa kuwa yeye anatunga sera na miongozo, ila zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri ziko mikononi mwako. Tabibu akihamishwa, barua inatoka upande wako. Asipoletwa mwingine, upande huohuo ndio unaoulizwa.

Sikuja kulia kwamba serikali haijafanya kitu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa MMAM ulioanza mwaka 2007, ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo tumeyaona yakiinuka. Hata tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021, tuliyoinung'unikia wote, ilijenga vituo vya afya. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukasema 104. Anayedai hakuna kilichobadilika hakuwa na mke mjamzito kijijini miaka ishirini iliyopita.

Shida yangu ni ya mgonjwa asiyepona wala asiyekufa. Huyu ana presha, au sukari, au vyote viwili. Atameza dawa leo, kesho na mwakani, na kila akirudi anahitaji mtu anayejua alikotoka.

Nina jirani, mama aliyepita makamo, ambaye hospitali yake yote imo ndani ya daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Analiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha taifa. Nilimsindikiza siku moja kwenye kituo ambacho sitakitaja, maana tatizo si la kituo kimoja. Tabibu alikuwa kijana mpya, mpole, mwenye heshima zake.

"Shikamoo mama. Umeanza lini kuumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Soma humo ndani, yote wameshaandika."

Kijana akafunua. Kila kurasa mbili tatu mwandiko ulibadilika. Huyu kaandika dawa moja, aliyefuata kaikata na kuandika nyingine bila kusema kwa nini. Kurasa za katikati zilikuwa zimenyeshewa na wino umetambaa. Akaligeuza daftari kwenye mwanga wa dirisha, mwisho akalifunga taratibu. "Mama, hapa sisomi. Hebu tuanze upya." Akampima: 180 kwa 110. Wakaanza upya. Wangefanya nini kingine?

Sasa nikwambie nani hasa ndiye daktari wa familia huku kwetu. Ni muuzaji wa duka la dawa. Yeye anakujua kwa jina, anajua mwanao wa pili ana pumu, na usiku ukigonga anafungua. Huna hela? Anaandika, utalipa kahawa ikiuzwa. Hakuna foleni wala "njoo kesho." Maduka haya yana leseni na mafunzo yake; mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na umeokoa wengi. Ila aliyefundishwa kuuza dawa muhimu hakufundishwa kumtibu mgonjwa wa moyo. Jirani yangu anapokwenda kununua vidonge vitano vya presha kwa sababu hela ya leo inatosha vitano, anahudumiwa vizuri kuliko mahali pengine popote, na huku anaumia. Watu hawalikimbilii duka kwa ujinga. Wanakwenda wanakojulikana.

Najua utaniambia madaktari ni wachache. Ni kweli, na ni kweli vilevile kwamba kuna wahitimu wa udaktari wanaokaa nyumbani wakisubiri ajira huku zahanati zikiwa na upungufu wa watumishi. Hilo nakuachia wewe na mwenzako wa Utumishi. Mimi siombi daktari bingwa wa familia kama wale wanaofundishwa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, tangu mwaka 2004. Wala siombi tuwe kama Uingereza, ambako mtu huandikishwa kwa daktari wa mtaani kwake na barua zote za hospitali humrudia huyo. Tabibu mwenye stashahada yake ya miaka mitatu anatutosha, mradi akae na atuandikishe.

Na mfano tunao hapahapa, hauhitaji safari ya mafunzo nje ya nchi. Kliniki za tiba na matunzo, zile tunazoziita CTC, zilianza mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa kitaifa. Mkoa huu wenye mpaka wa Tunduma na malori yanayolala barabarani yakingoja kuvuka kwenda Zambia na Kongo unazijua vizuri. Mgonjwa wa CTC ana kadi yenye namba. Faili lake liko kabatini, halitembei naye kwenye mfuko wa nailoni. Ana tarehe ya kurudi, na asipofika hupigiwa simu au hutumwa mtu kumtafuta. Aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, asipoteze siku za shamba. Mhudumu akihama, faili linabaki na mwenzake analisoma.

Fikiria hilo, Mheshimiwa. Nchi hii imeweza kumfuatilia mgonjwa mmojammoja, kijijini, kwa miaka mingi, kwa ugonjwa uliokuwa na aibu kuliko yote. Ikashindwa kwa presha? Jibu ninalolijua ni kwamba CTC zilikuwa na fedha za Wamarekani, na presha haina mfadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona jinsi mlango wa mtu mwingine unavyofungwa bila kubishiwa hodi. Kama fedha hizo zitaendelea kupungua, basi ule utaratibu wa kadi, faili na kumfuata mgonjwa usizikwe nazo. Uhamishiwe kwenye zahanati, ugonjwa wowote wa muda mrefu uingie humo.

Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia tunazishukuru. Wanakuja kwenye hospitali za halmashauri, wanapasua, wanapima, watu wanajaa hadi nje. Wiki ikiisha wanaondoka, na ushauri wao unabaki kwenye daftari lilelile lenye jedwali la kuzidisha. Bingwa anamwanzishia mtu dawa nzuri. Mwezi unaofuata anaambiwa dawa hiyo si ya ngazi ya zahanati, kwa kuwa orodha ya taifa ya dawa muhimu imepanga kila dawa na ngazi yake. Mgonjwa inabidi arudi hospitalini Vwawa kwa ajili ya vidonge tu, hakuna jipya la kupimwa. Bodaboda, chakula cha njiani, siku nzima ya palizi. Masika ndiyo usiseme. Daktari wa wilaya akishaandika, kwa nini zahanati ya kijijini isiruhusiwe kumwongezea mgonjwa dawa ileile?

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Kila kaya iandikishwe kwenye zahanati au kituo chake, na awepo tabibu anayewajibika nayo kwa jina. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale 137,294 ambao serikali ilisema Januari 2024 kuwa itawaandaa kwa miaka mitano, wapewe orodha hiyo, wajue nani hajachukua dawa. Mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, GoT-HoMIS, ufike hadi chini, au basi liwepo kabati la mafaili na mtu mwenye ufunguo. Kabati halidai intaneti. Tabibu anayepangiwa Itaka apate nyumba yenye maji, na akubali kukaa miaka kadhaa kabla ya kuomba uhamisho. Simlaumu anayehama. Ningekuwa na mke Mbeya na mimi nalala chumba cha kupanga kisicho na choo ndani, ningeandika barua ya uhamisho wiki ya kwanza.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni mwaka 2023. Kabla yake tulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, Sh30,000 kwa kaya ya watu sita, na wapo waliolipa mara moja wasirudie. Walifika na kadi, wakaambiwa dawa hakuna, nendeni dukani. Mtakapokuja tena kuandikisha kaya, wakati mzuri huku ni kahawa ikishalipwa, si Januari ambapo ghala linaanza kutikisika. Na yule karani wa bima, akiwa ameshafungua daftari na kuandika majina yetu wote sita, aandike papo hapo na jina la tabibu wetu. Mkulima atauliza swali moja tu kabla ya kutoa hela: nikiugua nakwenda kwa nani?

Jibu, Mheshimiwa, naomba lipitie kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi, lifike ofisi ya kata na kubandikwa ubaoni. Mtendaji atalisoma kwenye mkutano wa kijiji, na maswali yatakayotoka hapo tutakuandikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Itaka