Usiniambie Nishukuru

Sisi tunaokusanya modeli za ndege za abiria kutoka upande huu wa dunia tuna neno moja tunaloambiwa kila tukifungua mdomo: shukuru. Modeli imetoka na injini zisizo zake, shukuru. Bendera imechapwa kinyume, shukuru. Herufi za usajili ni za nchi jirani, shukuru, maana mashirika yenu ni madogo na angalau mmekumbukwa. Mimi sishukuru, na nitaeleza kwa nini.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: hizi ni ndege za zinki. Madini yanamiminwa kwenye kalibu, yanapakwa rangi, kisha nembo na maandishi yanagongwa juu yake kwa mpira laini uliochovywa wino. Ukubwa unaopendwa sana ni 1:400, ambapo Boeing 787-8 yenye urefu wa karibu mita 57 inakuwa na sentimita 14 na kukaa kiganjani. Moja inauzwa dola 50 hivi, kabla ya usafiri na ushuru. Gharama kubwa iko kwenye kalibu. Ikishatengenezwa, kampuni inamimina humohumo ndege za mashirika mengi, kinachobadilika ni rangi na maandishi.

Ndiyo maana mkusanyaji makini hanunui kwa kupendezwa tu. Anapima. Pua ya ndege imechongoka kupita kiasi? Mshono wa bawa na kiwiliwili unaonekana? Madirisha ya marubani yana umbo lake? Magurudumu yanazunguka? Watu huweka picha ya modeli kando ya picha ya ndege halisi na kuhesabu milango. Nimesoma tathmini ndefu kama insha, zote zikilalamikia kivuli cha kijivu kwenye bawa la ndege ya Lufthansa, na sijaona mtu akimwambia mwandishi ashukuru.

Ukali huo una mipaka. Ikifika zamu ya Air Tanzania, Kenya Airways au East African Airways ya zamani, wapimaji haohao wanakuwa wapole kama wajomba harusini. Nina modeli mezani ambayo bendera ya Tanzania imechapwa buluu juu na kijani chini. Nilipomwandikia muuzaji alinijibu kwamba bendera yenyewe ina milimita mbili, hakuna atakayeiona. Nimeiona mimi. Kilichoniuma zaidi ni mkusanyaji mwenzangu, Mtanzania, aliyeniambia, "Ndugu yangu, hao wangeweza wasiitengeneze kabisa."

Hapo ndipo ninapogoma. Chukua East African Airways. Lilianzishwa mwaka 1946 chini ya Waingereza, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Comet 4 zake zilipoingia mwaka 1960 zilikuwa na usajili unaoanza na VP-K, herufi za Kenya ya ukoloni. Baada ya uhuru, ndege za shirika hilohilo zikagawanywa kwa herufi mpya: 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 5Y ya Kenya. Kwa hiyo modeli ya Comet ukiipindua na kusoma herufi zake, inakwambia kama uko kabla au baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa. Hakuna kitu kingine kwenye modeli hiyo kinachokwambia jambo kubwa kuliko hilo, na ndicho hichohicho tunachoambiwa ni kidogo mno kuonekana.

Kisha zikaja Super VC10, kuanzia mwaka 1966. Zilikuwa tano: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Mbili za Uganda, mbili za Tanzania, moja ya Kenya, zote zikiwa na rangi moja na jina moja ubavuni. Ukitaka kumweleza kijana wa leo Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa kitu gani, usianze na mikataba. Mpangie ndege hizo tano mezani azisome.

Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa ikikimbia kuruka kutoka Addis Ababa. Rubani akakatisha, ndege ikapitiliza mwisho wa njia na kuwaka moto. Watu 43 walikufa. Tofauti ya modeli ya 5X-UVA na ya 5X-UVJ ni herufi moja tu ya mwisho. Ya kwanza ni kaburi. Ya pili iliendelea kuruka hadi shirika lenyewe lilipokufa mwaka 1977. Mtu akichanganya herufi hizo kisha akaniambia ni kitu kidogo, nitamwomba anieleze kikubwa ni kipi.

Nne zilizobaki zilirudi Uingereza na baadaye kugeuzwa ndege za kujaza mafuta angani za jeshi la anga la huko. Miongoni mwao ilikuwa 5H-MOG, VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, ambayo jeshi hilo liliitumia hadi mwaka 2013. Yaani ndege iliyosajiliwa Tanzania ilimtumikia Mwingereza kwa miaka mingi kuliko ilivyotutumikia sisi. Herufi tano zinabeba habari yote hiyo. Zikikosewa, habari imekwenda.

Wa kwanza kunijibu husema: hivi ni vidoli tu. Sawa. Lakini kama ni vidoli, kwa nini boksi linaandikwa idadi iliyotolewa? Kwa nini bei inapanda ikiisha sokoni? Kwa nini kijivu cha Lufthansa kilihitaji insha? Huwezi kuniuzia kitu kama nakala sahihi, halafu nikikuta si sahihi kigeuke kidoli.

Wa pili husema: soko lenu ni dogo, kampuni haiwezi kutengeneza kalibu mpya kwa ajili yenu. Hoja hii ina uzito kidogo, basi tuipime. Super VC10 ni ndefu kuliko VC10 ya kawaida kwa mita nne hivi, ambayo kwa 1:400 ni sentimita moja. Zile za East African Airways zilikuwa pia na mlango mkubwa wa mizigo mbele upande wa kushoto. Kampuni isiyo na kalibu ya Super ikituchorea rangi zetu kwenye VC10 fupi, naelewa hesabu yake, ingawa sitanunua. Mlango wa mizigo uliochorwa kwa mstari badala ya kuchongwa, naweza kuusamehe. Lakini wino wa 5H na wino wa 5X bei yake ni moja. Buluu iliyowekwa juu haikuokoa senti kuliko buluu ambayo ingewekwa chini. Makosa ya namna hii hayatokani na ufinyu wa soko. Yanatokana na mtu kutofungua picha moja, kwa kuwa anajua hakuna atakayemuuliza.

Hata injini ni hivyohivyo. 787 za Air Tanzania zinatumia Trent 1000 za Rolls-Royce, za Kenya Airways zinatumia GEnx za General Electric. Nakumbushwa kwamba ni mitungi miwili tu chini ya mabawa. Trent 1000 ndizo zilizofanya 787 nyingi duniani zikae chini zikisubiri matengenezo huku mashirika yakihangaika na ratiba. Ukizibadilisha kwenye modeli, umeipa ndege historia ya ndege nyingine.

Wa tatu ni wa nyumbani. Huyu haniambii nishukuru. Ananiuliza inakuwaje mwanafunzi wa uzamili anayeshindia chipsi kavu anunue kidege cha zaidi ya laki moja. Ni kweli, ni pesa nyingi kwangu. Nazileta hapa kwa sababu moja: zile laki ni zangu. Sikupewa msaada, nilinunua kwa bei ileile anayolipa Mjerumani. Mteja hashukuru kwa kuuziwa. Tumezoea mno kupokea vitu vyetu kutoka mikononi mwa wengine hadi tunanunua kama watu wanaopewa.

Na tusiishie kuwanung'unikia wa mbali. Kumbukumbu ya East African Airways tumewaachia watu wenye kalibu, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri. Wako mafundi waliozihudumia ndege hizo pale Embakasi, wazee sasa, wenye picha kwenye mabahasha. Wako waliokuwa wahudumu wa ndani, wanaojua rangi ya mazulia. Modeli inapotoka ikiwa na kosa, wao wangeligundua kwa dakika moja, ila hakuna aliyewapelekea waiangalie. Tathmini zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kuona 5H popote isipokuwa kwenye orodha.

Basi tuandike zetu, kwa Kiswahili, na tubadilishe mpangilio wa maswali. La kwanza: hii ni ndege ipi hasa, na herufi zake ni zake? La pili: ni ya mwaka gani, na rangi, injini na milango vinakubaliana na mwaka huo? La tatu: bendera na jina vimekaa inavyotakiwa? Baada ya hapo ndipo tuzungumzie mshono wa bawa, mng'ao wa rangi na magurudumu yanayozunguka. Modeli inayofeli swali la kwanza irudishwe kwa muuzaji, hata kama ndiyo pekee iliyotengenezwa.