Kahawa ya kupokea marafiki siku ya posho



Siku ya posho jioni, kazi ikiisha, vijana wanatafuta mahali pa kukaa. Kwenye baa viti viko, muziki uko, na frigo imejaa. Nyumbani kuna nini? Mara nyingi mama anasema, «Karibuni, mukae,» kisha anafungua kabati na kukuta maji tu. Kununua sukre kwa watu nane ni franga nyingi. Basi vijana wanakaa dakika kumi, wanaaga vizuri, wanaenda kule kwenye kinywaji. Kisha sisi wazazi tunauliza: «Hawa batoto, sababu gani hawapendi kukaa kwetu?»

Mwezi huu tuongee juu ya kinywaji kisichomaliza mushahara, lakini chenye kuonekana ni cha sherehe: kahawa yenye kuchanganywa na vitu vingine. Kwa Wazungu inaitwa kokteli. Neno hilo linatisha kidogo katika jamaa za kanisa, maana tukilisikia tunawaza pombe. Lakini tunaweza kuchanganya kahawa na tangawizi, na nanasi au na maziwa, na pombe isikaribie meza. Mwisho tutaeleza sababu gani isikaribie.

Kahawa iko ya kwetu

Kuna kahawa za namna mbili kubwa. Arabika inapenda milima na baridi. Kwetu Kongo inalimwa pande za Kivu: Minova, Kalehe, Kabare, kisiwa cha Idjwi, na juu kule Lubero na Beni. Robusta inapenda joto na mvua za tambarare. Jina hili robusta lilianza na mbegu za kwetu: mbegu zenye kutoka eneo la muto Lomami zilifika Brussels, na karibu na mwaka 1900 duka moja la mimea la kule likaanza kuziuza kwa jina hilo. Kutoka pale zikapelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba ya arabika. Leo robusta inanywewa dunia nzima.

Na sisi wa Kolwezi? Tunatoa shaba na kobalti ndani ya udongo, vinapakiwa mu malori na kwenda mbali. Kahawa ya nchi yetu nayo inavuka mupaka ikiwa mbichi, na sisi tunanunua kopo la unga lenye kutoka inje. Hatusemi kopo ni baya; hapa chini tutalitumia. Lakini kama kuna ndugu mwenye kutoka Bukavu au Goma, mumwombe alete kilo moja. Ni zawadi yenye kutosha sherehe nyingi.

Jambo moja la kukumbuka: robusta ni chungu zaidi, na kafeini yake inafika karibu mara mbili ya ile ya arabika. Kwa hiyo robusta inapatana na maziwa na sukari. Arabika inapatana na matunda na ndimu.

Kupika kahawa ya musingi

Ukipata kahawa mbichi, ikaange juu ya mbabula mu sufuria kavu, moto wa kiasi, ukikoroga pashipo kuacha karibu dakika 15, mpaka punje ziwe rangi ya udongo mweusi. Usingoje zitoe mafuta na moshi mwingi, maana hapo utakunywa makala. Zimwage mu lungo, zipoe upesi. Zilale usiku mumoja, kesho utwange mu kinu.

Kwa watu nane chukua maji nusu lita na vijiko 8 vya supu vya kahawa yenye kutwangwa. Chemsha maji. Kolwezi yetu iko juu, karibu metre 1.440 toka usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwa digri 95 hivi, si 100. Kahawa inapenda maji ya digri 92 mpaka 96. Kwa hiyo watu wa pwani wanangoja maji yapungue moto kidogo, lakini sisi tunaweza kumwaga palepale. Toa sufuria motoni, tia kahawa, koroga, funika dakika 5, chuja na kitambaa safi. Usiirudishe motoni: kahawa yenye kuchemka tena na tena inakuwa chungu tu.

Hiyo ni kahawa ya musingi. Sasa tuichanganye.

1. Kahawa ya tangawizi

Hii ni ya mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa. Ponda kipande cha tangawizi kama kidole gumba, kichemshe na karafuu 3 mu nusu lita ya maji dakika 10, uchuje. Changanya na kahawa ya musingi, tia vijiko 6 vya sukari. Inatoka lita moja, vikombe vidogo 8. Mombasa na Zanzibar wauzaji wanapita barabarani na kahawa ya moto, wengine wanatia tangawizi, na munywaji anakula kashata pembeni. Hapa kwetu karanga zenye kukaangwa zinafanya kazi ileile.

2. Kahawa ya nanasi

Hii ni ya joto, kabla mvua hazijakolea. Acha kahawa ya musingi ipoe kabisa. Kama SNEL imekata umeme, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi na uifunike kwa kitambaa chenye kulowa. Twanga nanasi moja kubwa lenye kuiva, kamua na kuchuja, ongeza maji yenye kuchemshwa na kupozwa mpaka ifike lita moja. Tia sukari vijiko 4 na ndimu moja.

Jaza kila glasi nusu na kidogo. Kisha mwaga kahawa polepole juu ya mugongo wa kijiko. Maji ya tunda yenye sukari ni mazito, yanabaki chini. Kahawa inakaa juu. Mugeni anaona rangi mbili, manjano na nyeusi, kabla hajaonja. Usitie maziwa hapa, maana nanasi na ndimu zitayakatakata. Na barafu iwe ya maji yenye kuchemshwa. Barafu ya maji mabichi inaleta magonjwa ya tumbo sawasawa na maji yenyewe.

3. Kahawa ya povu

Hapa ndipo kopo la unga linapata kazi. Iwe kahawa ya unga peke yake, isiyochanganywa na maziwa wala sukari kiwandani. Kwa watu wanne: vijiko 2 vya supu vya kahawa, vijiko 2 vya sukari, vijiko 2 vya maji ya moto. Piga kwa uma au kwa chombo cha kupigia mayai, pashipo kupumzika, dakika 10 au zaidi, mpaka rangi ibadilike kuwa ya mukate na povu lisimame. Weka maziwa baridi mu glasi. Ya unga yenye kukorogwa vizuri yanatosha. Povu liweke juu. Mwaka 2020, wakati watu wengi walifungiwa nyumbani juu ya Korona, kinywaji hiki kilijulikana dunia nzima kwa jina la dalgona, toka Korea.

Kupiga povu ni kazi ya mikono. Wape vijana, wapokezane. Kabla povu halijasimama, wameisha kuzoeana na kucheka. Na vijana wanaume wasikae kwenye viti wakingoja kutumikiwa na dada zao. Kijana mwenye kuongoza lori kubwa la mugodi hawezi kushindwa na uma.

Kwa watoto wadogo, tengenezeni vilevile pashipo kahawa: nanasi na ndimu, au maziwa na ndizi yenye kupondwa. Glasi iwe ileile, wasione wametengwa.

Sababu gani pashipo pombe?

Kijana mumoja atasema: «Mama, lakini Ulaya banatiaka whisky mu kahawa!» Ni kweli. Watu wanasimulia juu ya mupishi Joe Sheridan, wa Foynes kule Ayalandi, mahali ndege za kutua majini zilipokuwa zikisimama wakati wa vita ya pili ya dunia: aliwapa wasafiri wenye baridi kahawa yenye whisky na krimu juu. Na huku kwetu kuna wenye kumwaga lutuku ndani ya kikombe, wakisema kahawa itaondoa ulevi.

Wapenzi, hapa musikilize vizuri. Kahawa haiondoi ulevi. Inaondoa usingizi tu. Pombe inasafishwa na ini, na ini lina mwendo wake. Kikombe cha kahawa hakiliharakishi hata kidogo. Mulevi mwenye kunywa kahawa anabaki mulevi, lakini sasa macho yako wazi, na anajisikia ana nguvu. Yule mwenye kusinzia angelala kwenye kiti na kuamka kesho na kichwa chenye kuuma. Huyu anasema, «Niko muzima,» anapanda moto yake na kuingia barabara ya Likasi katikati ya malori. Au anaenda kazini alfajiri, mahali ambapo mukono ukichelewa kidogo tu, mwenzake ndiye anaumia. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilionya kampuni nne zilizouza vinywaji vya pombe vyenye kafeini, kwa sababu hiyohiyo: munywaji hajisikii amelewa, basi anaendelea kunywa. Na zile zilikuwa pombe za kiwanda, zenye kupimwa. Lutuku inapikwa uani. Nani anajua nguvu yake?

Kwa hiyo kama rafiki amefika kwenu tayari amelewa, musimupe kahawa na kumuruhusu aende. Mumupe maji, mumutandikie mukeka, mufiche ufunguo wa moto. Kesho atakasirika kidogo. Lakini atakuwa hai.

Kipimo

Kahawa nayo ina saa yake. Kwa mutu mukubwa, nusu ya kafeini inabaki mwilini saa tano hivi baadaye. Ukinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu bado inatembea ndani yako. Mwenye kutoka kazi ya usiku asiinywe karibu na kulala, hata wenzake wakimubembeleza, kwa maana usingizi wake wa muchana ndio usalama wake wa kesho. Mama mwenye mimba apunguze: wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema mwaka 2015 asipite miligramu 200 za kafeini kwa siku, na kikombe kimoja cha kahawa ya kuchuja kinaweza kuwa na karibu 90. Tena asiinywe pamoja na chakula, maana kahawa inazuia mwili kupata chuma cha mboga na maharagi. Angoje saa moja. Mwenye moyo wa kupiga mbio au tensheni aulize munganga.

Kikombe cha tatu

Mataifa mengine wameweka adabu nzuri kwenye kahawa. Oman wanaimimina kidogo kidogo, pamoja na tende, na mugeni akitosheka anatikisa kikombe chake, hana haja ya kusema. Ethiopia wanakaanga punje mbele ya wageni, na wanakunywa mara tatu: ya kwanza wanaita abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Mwenye kuondoka kabla ya ya tatu ameacha baraka mezani. Pale hakuna haraka. Kahawa inawapa watu sababu ya kukaa.

Abrahamu alipowaona wageni watatu karibu na hema yake, aliwaambia kwanza wapumzike chini ya muti, ndipo akakimbia kutayarisha chakula. Na ahadi kubwa ya maisha yake aliisikia akiwa amesimama karibu nao walipokuwa wakila. Wazazi, kijana wenu ana jambo lenye kumusumbua: deni, muchumba, kazi ya kuchimba asiyotaka kuwaambia. Jambo hilo halitoki kwenye kikombe cha kwanza. Linatoka kwa kile cha tatu, wakati wengine wameanza kuosha glasi. Muwe bado mumekaa.

Maswali ya kuzungumuza katika jamaa na katika kikundi cha vijana:

1. Marafiki wa watoto wetu wanafika kwetu mara ngapi kwa mwezi? Tunawajua majina?
2. Feza ya baa ya posho moja ingetosha kilo ngapi za sukari na kahawa?
3. Mugeni akifika amelewa, tumepatana kufanya nini?

Kahawa njema, na Mungu abariki meza zenu.