Kambale wa Kitangiri na chungu cha Iramba

Muulize Mtanzania chakula cha Singida, atakutajia kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti, pengine mlenda. Samaki hamtaji. Ndiyo maana toleo hili tumelitenga kwa mchuzi wa kambale mkavu, ule unaopikwa Ulemo na kwingineko wilayani Iramba.

Ulemo iko juu, kwenye uwanda wa Iramba. Ziwa Kitangiri liko bondeni. Linapokea maji ya mto Wembere na kuyaachia mto Sibiti yaende Eyasi. Kambale akishakaushwa anahimili safari ya kupanda huku, na anakaa jikoni siku nyingi bila kuharibika. Kumpika kunataka subira. Anarowekwa kwenye maji ya vuguvugu mpaka alegee, anachambuliwa miiba, ndipo anaingia chunguni pamoja na kitunguu na nyanya. Karanga zilizotwangwa hutiwa mwisho, kwa moto mdogo, na mpishi habanduki hapo: karanga zikishika chini, mchuzi wote unanuka kuungua. Mafuta yakielea juu, umeiva. Mwenzake ni ugali wa mtama. Wa sembe unaliwa tu kwa kukosa.

Kule Palembang, Indonesia, wana pindang, supu ya samaki wa mtoni iliyotiwa uchachu wa ukwaju, na wanaitaja kwa fahari kama chakula cha mji wao. Huo mkwaju asili yake ni Afrika, na unaota hata kwenye nyanda zetu kavu. Sisi tukisema mchuzi wa samaki, mawazo yanakimbilia nazi na Pwani, kana kwamba bara hatujawahi kuvua.

Dharau hiyo ina gharama. Uvuvi unaongozwa na Sheria ya mwaka 2003, na kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, limepigwa marufuku kwa kuwa linazoa hata samaki wachanga. Lakini tukijadili kokoro tunazungumzia leseni, doria na faini, basi. Mama anayenunua kambale sokoni haulizwi neno, ilhali yeye ndiye anayewashika samaki mkononi kila wiki na kujua mapema wakianza kuwa wadogo. Anastahili kusikilizwa ziwa linapopangiwa mambo yake. Kwa hiyo kurasa zinazofuata tumewapa wapishi kwanza. Wavuvi na maofisa wa uvuvi watawajibu.