Kompyuta za Klasta Zipewe Majina Yanayofika
Anayefungua ukurasa wa usimamizi wa Hadoop, programu inayohifadhi data kwenye kundi la kompyuta (klasta), kwa anwani ya IP huona mambo shwari, mpaka abofye kiungo cha mojawapo ya kompyuta zinazohifadhi data. Hapo kivinjari hugoma. Kiungo kile kimebeba jina ambalo mashine za klasta huitana kwalo zenyewe, na nje ya chumba cha seva halijulikani. Wengi hujinusuru kwa kuandika majina hayo katika faili la hosts, orodha ya majina na anwani zake, kwenye kompyuta ya kila mtumiaji. Kwa mashine tatu, sawa. Lakini intaneti yenyewe ilipita njia hiyo: faili moja la majina, lililotunzwa na taasisi ya SRI kule California, lilielemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani. Kuirudia kazi ile kwa mkono leo ni ukaidi, tena wa gharama, maana anwani moja ikibadilika itabidi kila faili lisahihishwe.

Wapo wanaohofia kwamba majina ya klasta yakiwekwa kwenye DNS yatawaonyesha wavamizi njia. Hofu hiyo ina msingi, ila DNS ya ndani inaweza kupangwa ijibu waliomo mtandaoni humo tu, na kinachomzuia mgeni ni ngome ya mtandao na nywila. Klasta isiyo na ulinzi huo hupatikana hata bila jina, kwa kujaribu anwani moja baada ya nyingine.