Siku 60 Kabla ya Kusikia Njaa

Uliza ni lini uweke nafasi ya meza kwa safari ya Walt Disney World, Florida, na kila mzoefu atakujibu vilevile: siku 60 kabla, alfajiri, kadi ya benki ikiwa mkononi. Jibu ni sahihi, na ndiyo maana linanikera. Tumefika mahali ambapo mtu mzima anaulizwa leo atataka kula nini Jumanne moja ya miezi miwili ijayo, na haoni ajabu.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Dirisha la mtandaoni hufunguliwa siku 60 kabla ya tarehe ya mlo, saa 12 asubuhi kwa saa za Florida. Kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa ni saa 7 mchana, na saa 8 wakati wa majira yao ya baridi. Aliyelipia chumba katika hoteli za Disney hupewa upendeleo: siku 60 kabla ya kufika, anaruhusiwa kuweka meza za hadi siku 10 za kukaa kwake, zote kwa mkupuo. Kwa hiyo meza ya siku yake ya mwisho keshaichukua kabla wewe hujaruhusiwa hata kubisha hodi. Hapo usishangae kukosa nafasi Cinderella's Royal Table, mgahawa ulio ndani ya kasri lenyewe, au Space 220 pale EPCOT, uliofunguliwa 2021, ambako unakula huku ukiitazama dunia kana kwamba uko angani.

Watetezi wa utaratibu huu husema jiko kubwa lazima lijue idadi ya walaji mapema. Hoja hiyo ina uzito wake: chakula huharibika, wapishi hupangiwa zamu, na meza iliyowekwa kisha ikaachwa tupu ni hasara. Lakini mapema kiasi gani? Kabla ya 2020 dirisha lilikuwa siku 180. Korona ikaja, viwanja vikafungwa Machi 2020, vilipofunguliwa Julai 180 ilikuwa imeshuka hadi 60. Theluthi mbili ya muda tulioambiwa ni wa lazima ikafutwa, na masufuria yakaendelea kuchemka.

Kuna ushahidi mwingine katika masharti yao wenyewe. Migahawa mingi ya pale inakuruhusu kufuta nafasi hata zikiwa zimebaki saa mbili tu kabla ya mlo. Ukiacha kufuta na usitokee, unatozwa dola 10 kwa kila kichwa. Sasa, jiko linaloweza kuvumilia meza kufutwa saa mbili kabla linalitakia nini jina langu miezi miwili kabla? Linalojua siku hiyo yote ni kwamba huenda nitakuja, huenda sitakuja. Anayefaidika ni mwenye muda: anajikusanyia meza za asubuhi na jioni kila siku ya safari, ataamua akifika. Waliobaki wanakodolea simu macho wakisubiri aziachie, na zimeshazuka huduma za kulipia ambazo kazi yake ni kukutumia ujumbe meza ikiachwa.

Linaloniudhi zaidi ni hili: kuijua siku yako miezi miwili kabla ni aina ya utajiri. Mama yangu mdogo anahudumia wazee huko Marekani. Ratiba yake ya zamu hutoka wiki mbili kabla, na hata hiyo hubadilika mwenzake akiugua. Kisheria ana bahati ya kuwa na hizo wiki mbili. Jimbo la Oregon lilipitisha sheria 2017 inayowabana waajiri wakubwa wa maduka, hoteli na migahawa kutangaza zamu mapema. Siku wanazodaiwa leo ni 14. Jiji la Seattle nalo, mwaka huohuo, lilianza kudai siku 14. Hizo ni sehemu zilizojitahidi kumlinda mfanyakazi. Linganisha: sheria inayomjali inamhakikishia siku 14 za kuijua kesho yake, na meza ya kumlisha mwanawe inamtaka aijue kwa siku 60. Pesa anaweza kuidunduliza. Uhakika wa zamu haudundulizwi.

Sisi Waswahili tuna sababu yetu ya ziada ya kulalamika. Katika hoteli yao ya Animal Kingdom Lodge kuna migahawa inayoitwa Jiko, Boma na Sanaa. Ndani ya bustani yao ya wanyama kuna kijiji kiitwacho Harambe, harambee iliyopunguzwa e moja. Maneno haya yamechukuliwa kwa sababu yanasikika kama karibu. Najua utaniambia hata sisi hupanga: kamati ya harusi hukaa vikao miezi kadhaa, na kadi ina idadi ya watu. Ni kweli. Ila shangazi akitokea ukumbini bila kadi, sahani hupatikana. Kamati yenye akili huipikia mapema sahani hiyo. Huko ndiko kupanga ninakokuelewa: kunamhesabu na asiyeweza kupanga.

Kwa hiyo dirisha lishushwe hadi siku 14, upendeleo wa wenye vyumba uondolewe, na theluthi ya meza za kila mgahawa ziachiwe asubuhi ya siku yenyewe. Chombo cha kufanyia hivyo tayari wanacho, kwani programu yao ya simu ina orodha ya wanaofika bila nafasi. Kinachokosekana ni meza za kutosha kuiingia orodha hiyo.

Na wewe uliyepata tiketi, ukiniuliza uweke nafasi lini, nitakwambia: chagua meza moja, ile ambayo mtoto ameiota, uiwahi siku 60 kabla. Nyingine waachie wenzako. Kula kwenye migahawa ya kaunta, ambako huagizi mpaka siku hiyohiyo. Na kama kuna meza umeiweka na unajua hutaitumia, usingoje saa mbili za mwisho. Ifute leo, kuna mtu ndiyo kwanza amepewa ratiba yake ya zamu.